Kidonda kisichosikia dawa

Mwezi huu barua kadhaa zimegusa jambo moja: dawa za virusi ambazo mgonjwa anazimeza na ugonjwa uko pale pale. Nimeziweka pamoja. Za presha na kisukari zitasubiri toleo lijalo, wenyewe mnisamehe. Majina nimeyaondoa na barua nimezifupisha.

*Shikamoo dada mfamasia. Nina miaka 41, naishi Mwanza. Natumia ARV, ila mwaka juzi nilihama nikaacha dawa kwa muda mrefu, nimerudi kwenye dozi mwaka huu. Nina kidonda sehemu za siri. Kilianza kama malengelenge, yakapasuka, sasa kimepanuka, nikikaa nalia. Nimepewa asiklovia mara tatu. Mara ya kwanza kilikauka kidogo, sasa hakisikii kabisa, ni mwezi wa pili huu. Jirani anasema dawa za siku hizi ni feki, nimeze nane kwa siku. Duka la dawa wanasema ninunue valasiklovia, lakini bei yake siiwezi. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na la haraka. Usimeze vidonge nane. Usikope hela ya valasiklovia. Wiki hii hii nenda kliniki yako ya CTC, na usikubali kuhudumiwa ukiwa umesimama dirishani, omba kuingia kwa daktari, umwambie hivi: "Nina kidonda cha malengelenge sehemu za siri, kimepita mwezi mmoja, na asiklovia haikiponyi." Sentensi hiyo ina uzito kuliko unavyodhani. Kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, kidonda cha hapesi, yaani kirusi kinacholeta malengelenge hayo, kinachozidi mwezi mmoja kwa mtu mwenye VVU kinamweka kwenye hatua ya 4 ya ugonjwa. Daktari akisikia "mwezi" ataacha kuandika asiklovia kwa mazoea, ataanza kuuliza habari za CD4, yaani idadi ya askari wa kinga yako, na wingi wa virusi vya VVU. Na akitaka kukiangalia, mwonyeshe. Najua aibu yake, lakini wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Sasa nikueleze kwa nini nakukataza ushauri wa jirani na wa duka la dawa, maana sitaki unitii tu bila kuelewa.

Asiklovia unayomeza, ilivyo kwenye kidonge, haiui kitu. Inaingia kwenye damu, inapita kwenye seli zako zote, inatoka kwenye mkojo. Ili ifanye kazi lazima ibandikwe chembe tatu za fosfeti, moja baada ya nyingine. Ya pili na ya tatu zinabandikwa na vimeng'enya vya seli zetu wenyewe. Ile ya kwanza seli zetu karibu haziwezi kabisa. Anayeibandika ni kimeng'enya cha kirusi cha hapesi, kinachoitwa thaimidini kinasi, ambacho wataalamu hukifupisha TK. Yaani dawa inaamshwa na adui mwenyewe, ndani ya seli aliyoivamia. Ikishaamka inaingia kwenye uzi wa vinasaba ambao kirusi kinaujenga ili kizaliane, na uzi unakatika hapo hapo. Seli isiyo na kirusi haina TK ya kirusi, kwa hiyo dawa inapita ikiwa imelala. Ndiyo sababu asiklovia ni dawa tulivu kiasi kile, hata wajawazito huandikiwa.

Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Virusi vikizaliana kwa mamilioni, vinakosea kunakili vinasaba vyao. Kosa likiangukia kwenye TK, kirusi hicho kinakuwa na kimeng'enya kibovu, au hakina kabisa. Asiklovia inakifikia na hakuna wa kuiamsha. Kwa mtu mwenye kinga imara, askari wa mwili wanakimaliza kabla hakijaenea, ndiyo maana usugu wa aina hii unaonekana kwa chini ya mtu 1 katika 100. Kwa wenye kinga iliyoshuka, tafiti zimeukuta kwa takriban watu 4 hadi 10 katika 100. Wewe uliacha ARV kwa muda mrefu. Sikulaumu, kuhama kunavuruga mambo mengi, lakini ndicho kipindi ambacho kirusi kama hicho kinapata nafasi.

Kama ndicho kilichopo kwako, vidonge nane vitafanya nini? Aliyekuwa akiiamsha dawa hayupo. Ukimeza viwili haamki mtu, ukimeza nane ni vile vile. Kitakachopata kazi ya ziada ni figo, maana asiklovia inatokea huko na ikizidi bila maji ya kutosha inaweza kuganda kama chembe za chumvi ndani ya mirija yake. Nawe huenda ARV yako ina tenofovia, ambayo nayo figo zinaibeba. Mwombe daktari akupime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Na valasiklovia? Hii inaniuma, kwa sababu naona watu wanauza kuku ili wainunue. Valasiklovia ni asiklovia iliyoongezewa kitu cha kuifanya inyonywe vizuri tumboni. Ya kawaida, sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya robo, ndiyo inayofika kwenye damu. Valasiklovia inafikisha zaidi ya nusu. Ikishafika, ini linaivua ile nyongeza na inakuwa asiklovia ile ile, inayomsubiri TK yule yule. Famsiklovia nayo ni hivyo hivyo, inahitaji TK. Kwa kirusi kisicho na TK, kuhama kutoka asiklovia kwenda valasiklovia ni kulipa pesa nyingi kwa jibu lile lile. Faida yake ipo kwa mtu ambaye kirusi chake bado kinasikia dawa lakini anasahau dozi, au dozi aliyopewa ilikuwa ndogo.

Hilo ndilo jambo la kwanza daktari atakalokuuliza, nami nakuuliza: hizo mara tatu ulimeza vipi? Kwa mwenye VVU anayepata kidonda kinachojirudia, dozi ya kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5, na kidonda kikubwa huhitaji muda zaidi. Hapa dirishani kwetu Tanga nimekutana na wagonjwa wengi walioandikiwa vidonge vya 200 wakidhani ni vya 400, na wengine waliopewa krimu ya kupaka peke yake, ambayo kwa kidonda cha sehemu za siri haina msaada wa maana. Asiklovia inakaa mwilini kwa saa chache tu. Ukimeza asubuhi na usiku wakati umeandikiwa mara tatu, mchana wote kirusi kinafanya kinavyotaka. Huo si usugu wala dawa feki. Ni dozi pungufu.

Kuhusu ufeki, usiitupe pakiti. Namba ya toleo na jina la kiwanda vinaweza kuangaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na daktari au mfamasia wa hospitali yako anaweza kuripoti. Ila uwezekano huo uwe wa mwisho kwenye orodha yako, usiwe wa kwanza.

Wakikuangalia, watake pia kujua kama kweli ni hapesi. Kidonda cha sehemu za siri kinaweza kuwa kaswende, kinaweza kuwa pangusa, kinaweza kuwa vyote pamoja, na kidonda cha muda mrefu kwa mwanamke mwenye VVU lazima kikatwe kinyama kidogo kipimwe saratani. Vilevile mtu anayerudi kwenye ARV baada ya kinga kushuka sana anaweza kuona kidonda kikiwaka upya katika miezi ya mwanzo, kwa sababu kinga iliyofufuka inapambana. Hayo yote yanatibika kwa njia tofauti tofauti, na yote jirani yako hayaoni.

Ikithibitika ni usugu, dawa inayotumika duniani ni foskaneti. Yenyewe haihitaji kuamshwa na mtu. Inakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kirusi ya kujenga vinasaba na kuiziba. Mwaka 1991 lilichapishwa jaribio dogo la wagonjwa 14 wa UKIMWI wenye hapesi sugu kwa asiklovia. Wote 8 waliopewa foskaneti walipona vidonda. Kati ya 6 waliopewa vidarabini, dawa nyingine ya virusi, hakupona hata mmoja. Lakini foskaneti inatiwa kwa dripu, mara kadhaa kwa siku, inaumiza figo na inashusha kalsiamu, na haipatikani kila hospitali, kwa hiyo ni kazi ya hospitali kubwa ya rufaa. Dawa nyingine ni sidofovia, ambayo inakuja ikiwa tayari imebeba kitu kinachofanana na ile fosfeti ya kwanza, kwa hiyo inaruka hatua ya TK. Wakati mwingine hutengenezwa kama jeli ya kupaka.

Na kuna jambo moja ninalotaka ulishike kuliko yote haya. Nilikuwa kijana kazini kabla ya 2004, kabla ARV hazijaanza kugawiwa bure. Wodini kulikuwa na binti mwenye vidonda kama vyako, vimeungana vyote, na tulichokuwa nacho ni asiklovia isiyomsaidia, maji ya chumvi ya kukalia, na dawa ya maumivu. Muuguzi alikuwa anampepea kwa kadi ya kliniki ili pakauke. Leo tuna kitu ambacho siku zile hatukuwa nacho. Kirusi cha hapesi kisicho na TK mara nyingi ni dhaifu. Kinastawi pale tu ambapo kinga imelala. ARV zako ukizimeza kila siku bila kukosa, CD4 ikapanda, mwili wenyewe unaanza kukibana. Hiyo ndiyo tiba ya msingi, hata pale foskaneti inapopatikana. Niandikie ukishaonana na daktari.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita, PCB, Iringa. Mwalimu alituambia kirusi cha hapesi ndicho kinachoiamsha dawa inayokiua. Sasa kwa nini kirusi kibaki na kimeng'enya hicho kama kinakiua? Na inawezekanaje herufi moja tu ya DNA iharibu dawa nzima?*

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako ana bahati kuwa na mwanafunzi anayeuliza "kwa nini kibaki nacho", kwa sababu swali hilo ndilo lenye utamu.

Hapesi haikubuni TK kwa ajili yetu. TK inabandika fosfeti kwenye thaimidini, mojawapo ya matofali ya DNA. Seli inayogawanyika, kama ya ngozi, inayo TK yake na matofali tele. Lakini hapesi inajificha kwenye seli za neva, ile ya mdomoni karibu na sikio, ile ya sehemu za siri kwenye neva zilizo chini mgongoni. Seli ya neva ya mtu mzima haigawanyiki tena, kwa hiyo haina haja ya kujaza ghala la matofali. Kirusi kinapotaka kuamka humo na kuzaliana lazima kije na kimeng'enya chake. Kikikosa TK, kwenye ngozi kinajimudu, lakini kwenye neva kinapata taabu. Majaribio ya panya yalionyesha hivyo: virusi visivyo na TK vinaingia kwenye neva, vinakaa, lakini kuibuka tena vinashindwa au vinaibuka kwa shida. Ndiyo bei ya usugu. Kwa wagonjwa nako inaonekana mara nyingi: kidonda sugu kikipona, kinachorudi baadaye kinaweza kuwa kile kirusi cha zamani kinachosikia asiklovia, kwa sababu ndicho kilichobaki kwenye neva.

Waliogundua njia hii walikuwa kundi la Gertrude Elion kwenye kampuni ya Burroughs Wellcome, Marekani. Molekuli yenyewe ilitokana na kazi ya Howard Schaeffer. Mwaka 1977 walichapisha kwamba asiklovia inachagua seli zenye kirusi, na kwamba siri ya uchaguzi huo ni TK. Elion alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa aliyoisomea. Aliiacha kwa sababu ilimlazimu achague kati ya masomo ya kutwa na kazi. Nawaambia mabinti wanaokuja kwangu mafunzoni habari hiyo kila mwaka, na wewe nakuambia.

Sasa herufi moja. Jeni ya TK ya hapesi inaitwa UL23, ina herufi 1,128, zinazotafsiriwa kuwa asidi amino 376, kila herufi tatu asidi amino moja. Kuanzia herufi ya 430 hadi ya 436 kuna G saba mfululizo. Mbele kidogo, 548 hadi 553, kuna C sita mfululizo. Mashine ya kunakili ikifika kwenye mlolongo kama huo inateleza: inaandika G nane badala ya saba, au inaruka moja. Uone madhara yake, andika maneno haya ya herufi tatu tatu: UJI YAI UZI UFA. Ongeza U moja mwanzoni kisha usome tena tatu tatu: UUJ IYA IUZ IUF A. Hakuna neno lililobadilishwa, umeongeza herufi moja tu, na kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna kinachosomeka. Kwenye jeni inatokea hivyo hivyo, na mara nyingi njiani inazuka alama ya kusimama mapema. TK inatoka kipande, haifanyi kazi.

Takriban nusu ya virusi sugu vyenye kasoro kwenye TK vimepitia njia hiyo ya kuongeza au kupoteza herufi, hasa kwenye milolongo ile ya G na C. Nusu nyingine herufi imebadilishana na nyingine, urefu ni ule ule, lakini asidi amino moja imekuwa nyingine. Hapo inategemea imeangukia wapi. Ikianguka pembeni, haina neno. TK za watu mbalimbali zinatofautiana kidogo kidogo na dawa inafanya kazi vizuri. Ikianguka kwenye asidi amino ya 51 hadi 63, ambapo kimeng'enya kinashikilia ATP inayotoa fosfeti, au 168 hadi 176, ambapo kinashikilia thaimidini, kazi inaharibika. Ndiyo maana maabara haiwezi kusema "sugu" kwa kuona tu kwamba jeni imebadilika. Inabidi ijulikane badiliko hilo limewahi kuthibitishwa kwa kukuza kirusi penye dawa.

Kuna matokeo ya aina tatu. Kirusi kisicho na TK kabisa. Kirusi chenye TK kidogo, asilimia chache za ile ya kawaida, kinachoponyoka dawa huku kikibaki na kiasi cha kukisaidia kwenye neva. Na kuna cha tatu, adimu, ambacho ndicho ninachokiogopa: TK yake imebadilika umbo kiasi kwamba inaikubali thaimidini na kuikataa asiklovia. Hicho hakilipi bei yoyote. Kinaishi kama kirusi kizima na dawa hakiiamshi. Tushukuru kwamba ni kigumu kutokea. Na usisahau mlango wa pili: takriban 5 katika kila virusi sugu 100 vina TK nzima, ila kimebadilika kile kimeng'enya cha kujenga DNA, polimerasi, kwenye jeni ya UL30. Hapo dawa inaamshwa vizuri kabisa na inafika ikakuta lengo limesogea.

Mtihani ukikuuliza tofauti na ARV, jibu ni hili: tenofovia na lamivudini zinaamshwa na vimeng'enya vya seli za binadamu, VVU haina mkono kwenye kuziamsha. Kwa hiyo usugu wake unatafutwa kwenye lengo, yaani kimeng'enya cha kunakili cha VVU. Mfano wa karibu zaidi na asiklovia hauko kwenye virusi, uko kwenye kifua kikuu. Aisoniazidi inaamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, kinachotokana na jeni ya katG, na badiliko moja kwenye asidi amino ya 315 ndilo linaloongoza duniani kwa kuleta usugu wake. Wadudu wawili wasiohusiana hata kidogo, na wote wamegundua kujinusuru kwa kuacha kuiamsha dawa. Mimi jambo hilo linanisisimua mpaka leo.

*Binti yangu, hujambo? Nina miaka 67, Lushoto. Mwezi wa tatu nilitoka mkanda wa jeshi ubavuni. Nikapewa asiklovia 800, mara tano kwa siku, siku saba, nikamaliza. Malengelenge yalikauka, lakini ubavu unawaka moto mpaka leo, hata shati likigusa. Je, kirusi kimekuwa sugu? Ninunue tena?*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maumivu. Hapana, usinunue. Kirusi cha mkanda wa jeshi, ambacho ndicho kile kile cha tetekuwanga, nacho kina TK yake na kinaiamsha asiklovia, na usugu wake ni nadra sana kwa mtu asiye na upungufu mkubwa wa kinga. Kwako dawa ilifanya kazi: ngozi ilikauka. Kinachowaka sasa ni neva iliyojeruhiwa wakati kirusi kinapita. Asiklovia haina la kufanya hapo, kwa sababu hakuna kirusi kinachozaliana cha kuiamsha. Mwombe daktari dawa za maumivu ya neva, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku au gabapentini, na mwambie kama una tatizo la moyo, tezi dume au presha ya macho, maana amitriptilini haipendani nayo. Na mtu mwingine nyumbani akitoka mkanda wa jeshi, mpelekeni ndani ya saa 72 tangu malengelenge yaanze. Dawa ikichelewa faida yake inapungua.

*Assalaam alaykum. Mimi ni msomaji wenu wa Mombasa. Mke wangu alibadilishwa figo kule India, figo kampa kakake. Baada ya miezi akapata kirusi cha CMV, akaanzishwa valgansiklovia. Wiki ya tano sasa kipimo cha damu hakishuki. Daktari amesema huenda kuna badiliko kwenye UL97 na anataka kutuma sampuli. Shemeji ametuma ujumbe kutoka ng'ambo kwamba kuna dawa mpya, maribavia, tuichanganye na hii. Ni sawa?*

Wa alaykum salaam kaka yangu. Kuichanganya, hapana, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu sababu yenyewe ndiyo hiyo UL97.

CMV ni jamaa wa hapesi lakini yenyewe haina TK. Kazi ya kubandika fosfeti ya kwanza kwenye gansiklovia inafanywa na kimeng'enya chake kingine, kinachotokana na jeni ya UL97. Valgansiklovia ni gansiklovia ya kumeza. UL97 ikibadilika, gansiklovia inaamshwa kwa kiwango kidogo au kidogo sana. Maribavia, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa wagonjwa waliopandikizwa ambao CMV yao haisikii dawa za kawaida, inafanya kazi kwa kukizuia hicho hicho kimeng'enya cha UL97. Sasa ona: ukimpa mgonjwa zote mbili, maribavia inamfunga mikono yule anayetakiwa kuiamsha gansiklovia. Moja inaibatilisha nyingine. Daktari anaweza kumhamisha kutoka hii kwenda ile, lakini si kuzitumia pamoja.

Kwa UL97 mambo hayako sawa na kwa hapesi. Kwenye hapesi kasoro nyingi zinaiondoa TK moja kwa moja na dozi kubwa haisaidii. CMV inaihitaji UL97 sana kwa kuzaliana kwake, kwa hiyo haiitupi. Inabadilisha asidi amino moja moja tu, na sehemu zenyewe zinajulikana kwa namba: 460, 520, 592, 594, 595, 603. Badiliko kwenye 460, 594 au 595 kwa kawaida linaifanya gansiklovia ihitajike mara 5 hadi 10 zaidi ili izuie kirusi, na hiyo huwezi kuifikia bila kuumaliza uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Lakini badiliko la C592G ni jepesi, karibu mara 3, na hapo daktari bingwa anaweza kuamua kupandisha dozi ya gansiklovia ya sindano akiwa anapima damu kila mara. Kwa hiyo usikubali majibu ya "sugu" au "si sugu" peke yake. Omba namba.

Omba pia wapime jeni ya UL54, ya polimerasi. Ikiwa nayo imebadilika, sidofovia na wakati mwingine foskaneti zinaweza kukataa pamoja na gansiklovia, na daktari lazima alijue hilo kabla ya kuchagua. Foskaneti kwa figo mpya ni uamuzi mzito.

Na kama una hofu kwamba labda mlinunua dawa mbaya au mkeo alikosa dozi, usimsonge na maswali hayo usiku. Kipimo kinaweza kukaa juu wiki mbili za mwanzo hata kirusi kikiwa kinasikia dawa. Kinachohesabika ni kutoshuka hata kufikia sehemu moja ya kumi ya kilivyokuwa baada ya wiki mbili au zaidi za dozi sahihi, nanyi mmeshafika ya tano, kwa hiyo daktari wenu anafanya jambo la haki kutuma sampuli. Sababu kubwa mara nyingi ni kwamba mgonjwa hakuwahi kukutana na CMV kabla, figo ikaja nayo kutoka kwa aliyeitoa, na dawa za kutuliza kinga zikakipa kirusi uwanja. Inasaidia kumuuliza daktari kama dawa hizo za kinga zinaweza kupunguzwa kidogo kwa usalama.

Lipo moja unaloweza kulifanya kabla majibu hayajarudi. Dozi ya valgansiklovia inapimwa kwa kazi ya figo. Figo ikiamka vizuri baada ya upasuaji, dozi iliyokuwa sahihi mwezi wa kwanza inakuwa ndogo mwezi wa nne, na dozi ndogo kwa muda mrefu ndiyo inayozalisha usugu. Chukua kreatinini ya mwisho, uzito wake wa sasa, na pakiti yenyewe ya dawa, umpelekee daktari kesho asubuhi akokotoe upya.